Vipepeo Waliompandisha Nyanya Paani

Juzi, rafiki yangu, taa za barabarani, robot kama tunavyoziita huku, zilinisimamisha katikati ya mji, karibu na stendi ya teksi, jua la Januari likichoma kioo. Kipepeo mweupe akaingia kwa dirisha langu, akapita mbele ya pua yangu, akatokea dirisha la mwanangu. Akafuata mwingine. Nilipoinua macho, barabara yote ilikuwa yao: weupe, wenye mishipa ya kahawia kwenye mabawa, wakivuka juu ya magari na juu ya wachuuzi wa mahindi ya kuchoma, wote wakielekea upande mmoja. Mwanangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, aliuliza wanakwenda wapi. Taa ilishakuwa ya kijani na watu walinipigia honi, nami nimeduwaa, kwa sababu swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, mitaa michache kutoka pale, nikiwa mdogo kuliko yeye.

Tuliishi ghorofa ya mwisho ya jengo moja la zamani, mimi, mama na nyanya. Mama alikuwa msusi na sebule yetu ndiyo ilikuwa saluni yake. Hadi leo nikinusa dawa ya nywele pamoja na sombe, kisamvu cha kwetu, inayochemka, nasikia njaa na usingizi kwa wakati mmoja. Nyanya aliletwa kutoka Uvira, Kongo ya mashariki, hadi huku kusini mwa Afrika kwa mabasi yaliyomvimbisha miguu. Akapandishwa kwa lifti, akaingia ndani, akavua viatu. Wiki ileile lifti ikafa. Mwenye jengo alisema fundi anakuja, na kama huyo fundi bado yuko njiani, basi Mungu amfikishe salama.

Magoti ya nyanya hayakutaka hata kusikia habari ya ngazi. Wanaume wa kanisani, wengi wao walinzi wenye mikono minene, walikuja Jumapili baada ya Jumapili wakimwomba akae kitini wamshushe, aende akasali. Aliwashukuru, akawapa chai, akakataa.

"Mutu banamushusha na ngazi siku moja tu," alisema. "Ile siku yangu haiyafika."

Alimaanisha jeneza. Ndivyo babu alivyotolewa katika nyumba yao ya mlimani, akateremshwa mabegani mwa wanaume hadi makaburini, na nyanya aliamini kwamba anayekubali kuteremshwa hivyo akiwa hai anakiita kifo kwa jina. Mama alibembeleza, akalia, akanuna. Wapi! Niliogopa kwamba nyanya angekaa mle ndani mpaka afe bila kukanyaga ardhi tena, na najua mama aliogopa vilevile.

Dirisha letu lilitazama ukuta wa jengo la jirani. Ili uone anga ilibidi utoe kichwa nje na kukunja shingo, na shingo ya nyanya haikukunjika. Kwenye bomba bovu la ukuta ule njiwa wawili walikuwa wamejenga kiota, naye akawafuatilia kama watu wa mtaa wake. Asubuhi nyingine alitangaza kwa uchungu kabisa kwamba bwana hakulala nyumbani.

Basi kazi ya kuitazama dunia ikaniangukia mimi. Majira ya joto huku huja Desemba, na shule hufungwa. Kila asubuhi mama alinituma magwinya, yale maandazi ya moto ya wamama wa pembeni mwa barabara, na nikirudi nyanya alikuwa kitini akingoja taarifa. Habari za watu hakuzitaka. "Batu nabasikia," alisema, na kweli honi za teksi hazikunyamaza. "Sema ndege."

Nilimweleza hadeda, yule ndege mkubwa wa kijivu anayeruka alfajiri akipiga ukelele wa mtu aliyeibiwa. Nilimweleza kwera wa manjano pale bustanini, jinsi dume alivyofuma kiota kwa jasho lake lote, jike akaja, akakikagua, akaondoka zake, na dume akaanza kukibomoa ajenge kingine. Nyanya alicheka mpaka kilemba kikamvuka. Nilimweleza mbayuwayu waliopangana kwenye nyaya za umeme. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia kwamba hutoka Ulaya, wakapita Kongo, wakafika kwetu kuota jua. Nyanya aliwajua. Aliwaona tangu utoto wake wakiruka chini kabisa juu ya ziwa la kwao. Kuanzia hapo kila jioni aliniuliza wale watu wa kwao wameshindaje.

Kisha, mwaka mpya ukiwa bado mchanga, nilishuka kununua magwinya nikakuta mtaa umejaa vipepeo. Nilisimama na mfuko uliolowa mafuta mkononi, mdomo wazi. Hawakuwa wakicheza kwenye maua kama wale wa vitabuni. Walikuwa na safari. Walikuja, wakapita, wakaja wengine, na wengine tena, na penye ukuta hawakugeuka, waliupanda. Nilihisi kwamba kuna jambo kubwa linaendelea na watu wazima wote wamenificha. Nikamkamata mmoja, nikapanda naye ngazi zote ndani ya viganja.

Nyanya alivifungua viganja vyangu polepole. Unga wa mabawa ulikuwa umebaki kwenye vidole.

"Biko vingi?"

"Vingi, nyanya. Havihesabiki."

"Na byote binaenda fasi moja?"

"Upande mmoja tu. Vinakwenda wapi?"

Alimchukua kipepeo, akamtoa dirishani kwa mkono wake mwenyewe. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake, "Ningependa nibione."

Jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Tanga, alikuwa amekaa chini anasukwa. Alikuwa na duka la mitandio mtaa wa Fordsburg, na hapakuwa na jambo la watu ambalo hakuliingilia. Hakugeuza kichwa, maana mama alikuwa amemshika nywele.

"Bibi," alisema, "wewe umesema hushushwi. Sawa, tumekubali. Na kupandishwa je? Juu yetu hapa pana paa."

"Kupanda?" nyanya akasema. "Siyasikiaka maiti banaipandisha juu."

Mama wa Tanga alipiga makofi kama aliyefunga bao.

Ufunguo wa paa alikuwa nao msimamizi wa jengo, mzee wa Kizulu aliyetufukuza watoto wote wasisogelee matangi ya maji. Alipoambiwa ni kwa ajili ya gogo, ndivyo wanavyomwita nyanya kwa Kizulu, alisema "Eish!" moja ndefu, akaja kufungua mwenyewe. Kesho yake mchana walinzi wawili wa kanisani walimkalisha nyanya kwenye kiti cha saluni, wakamwinua. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, amejipaka mafuta, na mkoba ameukumbatia. Mama alikwenda nyuma akishika hewa, tayari kumdaka.

Mlango ulipofunguliwa, mwanga ulimfanya afumbe macho. Alipoyafumbua aliona mnara mrefu wa Hillbrow, akaona vilima vya mchanga wa manjano vya migodini, akaona mbali kabisa ukungu wa Soweto. Vipepeo hakuona hata mmoja. Wingu lilikuwa limelifunika jua. Msimamizi alisema wale hawaruki bila jua, wametua mahali, na kusini radi ilishaanza kunguruma. Nilitaka kulia. Maandalizi yote yale, na mimi ndiye niliyesema havihesabiki.

"Tungoje," nyanya alisema. Tukangoja. Msimamizi alizungusha ufunguo kidoleni.

Jua lilitokea kwenye upenyo wa mawingu, na kwa muda hakikutokea kitu. Kisha mmoja alichomoza kutoka chini, ukingoni mwa paa, akatupita. Watatu. Halafu ukuta wote wa jengo ukawatoa kwa mkupuo, rafiki yangu, maana jengo letu lilikuwa limewazibia njia nao walikuwa wakilipanda ghorofa kwa ghorofa, na sasa walifika kileleni wakamiminika juu ya paa, usawa wa magoti, usawa wa uso, weupe hadi sakafu ilibadilika rangi. Hawakuwa na sauti yoyote. Umati mkubwa namna ile, na bado nilimsikia nyanya akivuta pumzi. Walimkuta amekaa katikati ya njia yao, wakagawanyika kumpita, wakaungana tena nyuma ya kiti. Mmoja alitua kwenye goti lake bovu, akapumzika, akaendelea. Walinzi walivua kofia. Sijawahi tena kuona wanaume wazima wamenyamaza vile nje ya kanisa.

"Wanaelekea kwetu Tanga hao," mama wa Tanga alisema hatimaye, maana kunyamaza kulimshinda. "Kongo si upande huo."

"Bapite tu," nyanya alisema. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. "Bamefika na huku kwangu."

Radi ya pili ilipiga karibu. Msimamizi alisema sasa basi, paani si mahali pa kukaa. Mlinzi mmoja akashika kiti. "Haya, mama, tushuke."

Nyanya akamkamata mkono. Tukatazamana. Katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba anayepandishwa paani lazima ateremke.

"Yesu wangu," mama alisema.

Nyanya aliutazama mlango wa ngazi, akalitazama wingu. Akaomba ashikwe mkono hadi pale, akabana kitenge katikati ya miguu, akakaa kwenye ngazi ya juu, akajisogeza kwa makalio hadi ya chini yake. Pu. Akapumua. Akajisogeza tena. Mama alinyoosha mikono amsaidie, akapigwa kikofi. Hivyo hivyo tukafika mlangoni kwetu. Mama akafungua. Nyanya hakugeuka hata kuutazama mlango.

"Kumbe inawezekana," alisema, akashuka ngazi iliyofuata.

Hapo ndipo tulipoelewa anakokwenda. Mama wa Tanga alikimbia kuleta ufagio, akatangulia kumfagilia. Milango ilifunguliwa ghorofa baada ya ghorofa, watu wakatoka na maji, na soda, na mto wa kukalia ambao aliukataa. Wanawake wa kwaya ya kanisani, waliokaa mle jengoni, walianza wimbo, na kila mstari ulipokwisha zilisikika pu, pu za nyanya. Mvua ilishaanza nje tulipofika chini. Alivua viatu, tukamsimamisha kwenye kipande cha udongo kinachozunguka mti wa barabarani, naye akazamisha vidole vya miguu kwenye tope huku akicheka kama mtoto. Kisha akainua kichwa. Chini ya kila jani walikuwa wamejibanza, mabawa yamefungwa, wakingoja mvua ipite.

"Mulale muzuri," aliwaambia. Halafu akawageukia walinzi. "Sasa munibebe."

Kuanzia siku hiyo, hiyo ndiyo ikawa sheria ya jengo letu: nyanya hushuka mwenyewe, hupandishwa na watu. Alisali kila Jumapili. Alimwona kwera kwa macho yake, akampa pole. Mwalimu alituambia baadaye kwamba vipepeo wale hawarudi, wanaopita mwaka mwingine ni wengine, na nilipompelekea nyanya habari hiyo alisema hata hivyo njia ni ileile.

Jengo lile sasa limezungushiwa mabati na mlango wa paa, nasikia, umechomelewa. Mama wa Tanga alirudi kwao. Msimamizi sijui yuko wapi. Nimemtafutia mwanangu ile harufu ya sombe na dawa ya nywele, nikakosa namna ya kumweleza. Hayo yote nilimwambia juzi, nimeegesha gari kando ya barabara, vipepeo wakitupita dirisha kwa dirisha. Akauliza nyanya alikufa lini. Nikamwambia ilikuwa wakati wa baridi, anga tupu, na walinzi walewale ndio waliombeba. Walipofika kwenye ngazi ya kwanza walisita, na msimamizi akawaambia waende polepole tu, njia hiyo mwenyewe anaijua.

Alishushwa siku ile moja tu. Siku nyingine zote alishuka mwenyewe.