Chumba cha Magodoro

Mtoto wa kaka yangu ndiye prodyuza anayesifiwa na vijana wote wa hip hop mjini kwetu, na alianzia kwenye stoo yangu. Nalisema hilo mapema, maana siku ya kumpa heshima watu walizungumza sana na stoo hawakuitaja.

Alipokuja kwangu alikuwa kijana mdogo, fundi redio. Mchana anachomea nyaya, jioni anajifungia stoo na kompyuta ya mtumba, kichwa kinapanda na kushuka kama mjusi ukutani. Majirani wakalalamika. Nikayashonea magodoro ya zamani foronya kwa mkono wangu, tukayapigilia ukutani, darini, hata mlangoni. Baada ya hapo ungechinja ng'ombe mle ndani na jirani asijue. Kilichopita ni ile ngoma nzito ya chini tu. Hiyo ilitembea sakafuni hadi jikoni, vikombe vyangu vikatetemeka kabatini.

Masikio yake yana shida zake. Kitasa cha ndani kilikuwa kinalialia ngoma ikipiga, akaking'oa. Tangu hapo mlango ulifunguliwa kwa nje tu, na ukiwa ndani unauwekea tofali usijifunge. Simu haziingii, eti zinakoroma kwenye spika. Na sheria kubwa ya nyumba: ngoma ikisikika, mlango ule haugusi mtu, hata paa liwe linaungua.

Siku ya sherehe, wote aliowatoa kimuziki walijaza ua wangu, wengine sasa wana vipara. Kiti chake kimepambwa, yeye haonekani. Nikamkuta studio, kajikunja.

"Shangazi, siwezi kukaa pale nasifiwa. Nitakuwa kama maiti."

"Maiti gani kavaa shati nililopiga pasi mimi? Inuka!"

Nikalisukuma tofali kwa mguu nifunge, nimseme vizuri bila wageni kusikia. Mlango ukalia tak. Mpaka leo nasema kosa ni la aliyeng'oa kitasa.

Tuliita. Jamani, sauti inafia mdomoni! Unapaza, godoro linaimeza kabla hujamaliza neno. Nikagonga kwa ngumi, kumbe nagonga foronya yangu mwenyewe. Feni hakuna, kwa sababu nayo ina kelele. Joto likapanda, kifua kikaanza kunibana. Sikumwambia. Nimemlea mimi, hawezi kunionea huruma.

"Piga ngoma," nikasema. "Itafika nje."

Akapiga. Punde tukasikia sakafu inajibu: huko uani walikuwa wanaruka! Walidhani anawatunuku biti mpya. Kadiri alivyopiga ndivyo walivyoruka, na ngoma ikilia, nani athubutu kugusa mlango?

"Sasa piga ovyo."

"Ovyo vipi?"

"Ovyo! Kama mtu anaporomoka ngazini na masufuria yake."

Akaniangalia kama nimemtukania mama. "Leo, Shangazi? Wote wakiwa nje? Tungoje tu, watatukosa."

"Wamekukosa wapi nawe unawapigia ngoma?"

"Nikiharibu leo, watanikumbuka kwa hilo."

Nilikuwa na jibu, tena kali, lakini pumzi ya kulisemea sikuwa nayo. Nikakaa chini sakafuni na gauni langu jipya. Anajua mimi sikai sakafuni mbele ya mtu. Akanitazama usoni. Akageukia mashine yake, akafumba macho, akapiga.

Mungu wangu. Ngoma ikachelewa, ikawahi, ikajikwaa, ikajikanyaga. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeng'olewa jino. Akaendelea.

Sakafu ikatulia. Halafu mlango ukafunguka kwa kishindo, na hewa. Mkewe, ambaye ni msusi, amesimama na kitana kimechomekwa kichwani.

"Nani anaumwa?"

"Umejuaje?" akauliza mumewe.

"Wewe hata mlango wa choo unaugonga kwa mapigo! Nimesikia umekosea, nikajua humo kuna mtu anakata roho."

"Hakati roho mtu," nikasema pale chini. "Nishikeni mkono."

Nyuma yake ukumbi ulijaa wale vijana, nyuso za watu walio hospitali. Hata mmoja hakusema prodyuza kaharibu. Hata mmoja hakucheka. Hotuba za siku ile zimeshanitoka, lakini nyuso zile ninazo.

Wakanibeba hadi uani, wakanikalisha kwenye kiti kilichopambwa, na nilikikalia mpaka mwisho. Yeye alisimama pembeni akinipepea kwa sinia huku anasifiwa, akapata alichotaka.

Kitasa amekirudishia. Ukisikiliza nyimbo zake za sasa, chini kabisa ya ngoma kuna kitu kinalialia. Nilimwambia akitie mafuta, akakataa.