Gari Linaloshiba Likishuka Mlima

Saa moja asubuhi, joto limeshaingia mitaa ya Al Warqa, Dubai, na Shomari Shekilindi anapanga mito kwenye kiti cha mbele cha gari kama anayemtandikia mgeni kitanda. Mmoja wa mgongo, mmoja wa kiuno. Pembeni anaweka chupa ya chai ya tangawizi na ndimu iliyokatwa, ya kunusa.

Anabonyeza kitufe. Taa zinawaka, sauti hakuna.

"Umeshaliwasha?" anauliza Bi Kulusumu, bibi wa Kizanzibari anayekaribia miaka themanini. Ameshika mlango lakini haingii.

"Limeshawaka, Bibi."

"Mbona halisemi?"

"Litasema mbele ya safari. Sasa hivi linatumia betri."

Bi Kulusumu anamtazama kwa jicho la mtu aliyewahi kuuziwa samaki waliochina. Ana haki yake. Mara ya mwisho alipopanda gari hili kwenda mlimani, mwaka jana, alirudi ameapa kwamba milima ya Hajar ataiona kwenye televisheni tu.

Lakini huko juu, mwendo wa saa mbili kutoka hapa, yuko kaka yake, Msellem. Wamebaki wawili tu kati ya watoto waliozaliwa nyumba moja Unguja. Nyonga imemgomea Msellem, hawezi kukaa garini, na masikio nayo yamechoka. Kwa simu mazungumzo yao ni "Eeh?" na "Nasema hivi!" mpaka mmoja akate kwa hasira. Bi Kulusumu asipopanda mlima, ndugu hawa hawaonani tena. Leo amekubali kujaribu, na mwandishi wa makala haya amepewa kiti cha nyuma kwa sharti la kutopiga soga kwenye kona.

Shomari, mwenye miaka thelathini na minane, ni mzaliwa wa Soni, Lushoto. Kabla ya Dubai aliendesha Fuso la kabichi na karoti kutoka milimani hadi Mombo. Huko ndiko alikojifunza kazi, na huko ndiko alikookota tabia iliyomponza.

"Kwenye kona kali huthubutu. Lakini mteremko ukinyooka kidogo tu, unatia frii," anasema, yaani dereva anaitoa gia na kuliacha gari liserereke lenyewe. "Tajiri anafurahi, mafuta hayaliki. Dereva asiyetia frii tulimwona mshamba."

Dubai alianza na basi la wafanyakazi wa ujenzi, kisha akaajiriwa na mtoto wa Bi Kulusumu. Familia iliponunua gari la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme, wenzake walimtania wakimuuliza analichomeka wapi. Halichomekwi popote. Betri yake huchajiwa na injini, na huchajiwa pia gari linapopunguza mwendo au kushuka mlima, maana hapo magurudumu huizungusha mota nayo ikazalisha umeme.

Hayo Shomari aliyajua kwa kusikia tu. Siku ile, wakishuka kutoka kwa Msellem, mkono ulifanya ulichozoea. Akatia frii.

Gari likakosa cha kulishika. Mota haikuchaji, injini haikuzuia, mzigo wote ukaziangukia breki. Baada ya kona kadhaa ikaja harufu ya kuungua, na pedali ikawa laini chini ya mguu. Shomari alifanikiwa kuliegesha ukingoni, magurudumu yakitoa moshi. Bi Kulusumu alikuwa amefumba macho, anatamka shahada.

"Hakunitukana," anasema Shomari. "Angenitukana ningelala. Aliniambia tu, 'Shomari, mwanangu, mie kwenye hiyo barabara khalas.' Nikajua nimemkatia njia ya kwenda kwa kaka yake. Liliniuma sana."

Mwajiri wake hakumfukuza. Alimtuma kwa Lawrence, fundi Mkenya kutoka Nyahururu anayetengeneza magari ya namna hii katika gereji moja ya Al Quoz. Lawrence hakumbembeleza.

"Nilimwambia, buda, hii gari haitaki neutral," anakumbuka Lawrence huku akicheka. "Ukishuka, wacha ikae kwa D, ama uweke B, ile gear ya kushuka mlima, ikushikilie. Ukiweka neutral umeinyima kazi. Motor inakaa tu, na ni breki zinaumia."

Kupanda nako kuna adabu yake. Mota huisaidia injini kuvuta, lakini dereva akikanyaga kwa pupa, betri huisha nguvu kabla ya kilele na injini hubaki peke yake ikilia. Shomari alijifunza kupanda kwa mguu mwepesi.

Somo alilielewa. Kazi ilikuwa kumrudisha Bibi garini. Kwa ruhusa ya mwenye gari, alimwomba Severina, mpishi wa nyumba hiyo na mwenyeji wa Singida, ambaye hata lifti humtibua tumbo, akae kwenye kiti cha Bibi siku zao za mapumziko. Wakawa wanaupanda na kuushuka mlima uleule.

"Safari ya kwanza nilitapika mpaka nikamlaani," anasema Severina. "Ya tatu nilikula ndizi kwenye kona. Nikamwambia Bibi, sasa huyu anashuka kama amebeba mayai."

Bi Kulusumu alisikia. Siku nyingi zikapita. Juzi akaingia jikoni na kuuliza kama unga wa visheti upo, maana Msellem anavipenda. Nyumba nzima ikaelewa.

Tunapanda. Mwanzoni Bi Kulusumu ameshika ndimu, halafu mkono wa mlango, halafu hashiki kitu. Huko juu kaka yake amekalishwa barazani tangu asubuhi.

"Umechelewa," Msellem anamwambia, utadhani alimtuma dukani.

Bi Kulusumu anavuta kiti, anaweka mdomo karibu kabisa na sikio lake, na mazungumzo yanarudi Unguja: nani alivunja mtungi wa mama, nani akachapwa kwa kosa la mwenzake. Wanacheka mpaka wanafutana machozi. Shomari amesimama mbali, anafuta kioo ambacho ni kisafi.

"Hiki kwa simu hakikuwezekana," anasema, na macho yake nayo yamejaa.

Wakati wa kushuka anaweka B. Alama ya betri kwenye dashibodi inapanda polepole. Ikijaa haipokei tena umeme, na hapo injini ndiyo hulishika gari, kwa kelele.

"Bibi, hapo mbele litanguruma. Halijaharibika. Betri imeshiba."

Linanguruma. Mkono wa Bibi unaruka, unatua gotini, unatulia.

"Imeshiba, acha icheue," anasema, na anaegemeza kichwa kwenye mto.

Tukidhani amelala, Shomari anateremsha sauti na kueleza mipango yake. Mkataba unaisha mwakani. Anataka kurudi Soni na haibridi ya mtumba, abebe wazee na wagonjwa wanaoogopa kushuka Mombo. Wa kwanza atakuwa mama yake mzazi.

"Ana dada yake Korogwe. Zile kona zinamtisha, hawajaonana tangu niondoke," anasema. "Namwambia mwakani nitampeleka mwenyewe. Ananijibu, 'Kila mwaka wako ni mwakani.'"

Bi Kulusumu hafumbui macho.

"Mwambie mama yako anisamehe," anasema. "Mwambie aniazime mwanawe mwaka mmoja tu zaidi, nikae kidogo na kaka yangu."

Shomari anaimaliza kona, anaangalia barabara.

"Tukifika chini nitampigia, Bibi," anasema. "Umwombe mwenyewe."