Kitasa cha Mama Mkwe

Mtaani wanamwita Fundi Funguo, na jina hilo linampendeza kuliko alilopewa na wazazi wake. Kibanda chake kiko ubavuni mwa duka la dawa. Ukutani zimening'inia funguo za kila aina, mezani kuna tupa, koleo na mashine ya kuchongea inayopiga kelele za kuudhi. Watu wakijifungia nje wanamkimbilia. Akifika anapiga magoti mbele ya mlango, anatega sikio, anasema, "Ehee, nimekuelewa," na mlango unafunguka. Kazi anaijua, hilo tusimnyime. Tatizo ni kwamba na yeye anajua kuwa anaijua, na kukaa nyumba moja na mtu wa namna hiyo, jamani, ni mtihani.

Mtihani huo ulimwangukia mkewe. Mama yake mzazi alikuwa mjane anayeishi peke yake, na siku moja alianguka jikoni akashindwa kuinuka. Alilala pale sakafuni mpaka muuza maziwa alipopita na kumsikia. Tangu hapo binti yake hakupata usingizi wa maana. Alimbembeleza mama ahamie kwao, na mama akawa anampiga chenga. Mwishowe akakubali kuja kutembea. "Nikiona panakalika, tutazungumza," alisema.

Mke akamwita mumewe pembeni. "Baba watoto, nakuomba. Mama akirudi kule akaanguka tena, sijui nani atamsikia. Usinivurugie."

"Mimi nivuruge?" Fundi akashangaa kwa moyo mweupe kabisa. Ndivyo walivyo wavurugaji, hawajijui.

Mke akaandaa chumba. Akatafuta godoro lisilobonyea, akasogeza kitanda karibu na swichi ya taa, akaondoa zulia lisije likamtega mama. Fundi naye akakaa akawaza atatoa mchango gani. Wazo lililomjia, msicheke, ni kitasa. Tena si kitasa hivi hivi. Alichagua kile cha chuma kigumu alichokuwa amekiweka kwenye rafu ya juu, ambacho wateja walikuwa wakikitazama tu na kupita. Akakifunga kwenye mlango wa chumba, akakipaka mafuta, akakifuta kwa shati lake mwenyewe.

Mama mkwe alipofika, hata maji hajanywa, akapelekwa mlangoni kupewa somo. "Mama, ukishazungusha ufunguo kwa ndani, hakuna mwizi atakayeingia. Hata mimi niliyekifunga siingii!"

"Ahsante, baba," alisema mama mkwe, akikitazama kile chuma. "Kwa hiyo nifunge kila nikiingia?"

"Kila ukiingia, Mama!"

Mama mkwe ni mtu wa adabu. Mkwe amesema funga, akafunga.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja, Fundi akiwa anavaa viatu aende kazini, wakasikia kishindo chumbani, kisha kimya. Mke akaurukia mlango. "Mama! Mama!"

"Niko chini," sauti ikajibu, nyembamba. "Nyonga inauma. Siwezi kuufikia ufunguo."

"Tulia, mke wangu, hii si ndiyo kazi yangu?" Fundi akasema, na akaleta ufunguo wa akiba. Ukakataa kuingia, kwa sababu ule mwingine ulikuwa umekaa kwenye tundu kwa ndani. Akaleta vyuma vyake vyembamba, akapiga magoti, akatega sikio. Safari hii hakusema "nimekuelewa." Akaleta drili, ncha yake ya kutobolea ikakatika. Akazunguka dirishani, akakutana na nondo alizozichomelea mwenyewe, za kuzuia wezi ambao hawajawahi kuonekana. Akarudi mlangoni jasho linamtiririka. Na hapo, aibu iliyoje, kipande cha moyo wake kikafurahi. Kitasa kilikuwa kizuri kweli!

"Vunja," mke akasema.

"Subiri kidogo, nitakiharibu."

"Utaharibu nini?"

Huko ndani mama aliguna kwa maumivu. Mke hakungoja jibu. Alimsukuma mumewe kando, akapandisha gauni, akaupiga mlango teke la hasira zake zote. Kitasa kilikuwa cha chuma, lakini mlango wenyewe ulikuwa ubao mwembamba tu walioukuta walipohamia, na Fundi hakuwahi kuufikiria. Ukapasuka katikati. Mke akapenya, akapiga magoti kando ya mama yake akilia. Kitasa kilibaki kimejifunga barabara, kimeng'ang'ania kipande cha ubao kwenye fremu.

Nyonga haikuvunjika, ilikuwa imeumia tu. Wakamwinua, wakamlaza. Fundi alisimama na bisibisi mkononi, hajui auweke wapi uso wake, na mtu wa aina yake akizidiwa na aibu hukimbilia kwenye kazi. "Mama, nisamehe. Leo hii hii nakuwekea mlango mwingine. Mbao ngumu, bawaba nene..."

"Baba," mama mkwe akamkatiza, taratibu. "Kule kwangu nilikuwa najifungia kwa sababu sikuwa na mtu. Hapa nimewafuata nyinyi. Sasa unanifungia ili nani asiingie?"

Miaka yote ya kufungua milango ya watu, na Fundi Funguo hakuwahi kujiuliza swali hilo mbele ya mlango wowote. Akaenda kwenye fremu, akaanza kukifungua kile kitasa, skrubu moja moja.

"Mama, utakaa nasi?" mke akauliza kwa sauti ya chini.

"Nitundikieni pazia, nilale kwanza."

Pazia likatundikwa, na mlango mpya haukuja. Kila asubuhi kabla ya kwenda kibandani Fundi husimama mbele ya kile kitambaa cha maua, hana cha kugonga, na hupiga hodi kama mgeni.

"Pita, baba," mama mkwe humwitikia. "Nimeshaamka."