Nairobi Haikuhitaji Kelele

Mpwa wangu anafanya kazi ya kompyuta mjini Nakuru, na kila akija kwangu hulalamika kwamba kampuni yao haina pesa za kulinda siri zake. Mimi hucheka. Tajiri wangu wa zamani pia hakuwa nazo, na alipotafuta njia ya bei rahisi, ya kwanza kuiona ilikuwa kunifukuza mimi.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Nilikuwa opereta wa simu kwenye duka la jumla karibu na mtaa wa Bondeni, huko huko Nakuru. Tajiri alinunua maharagwe kwa wakulima wa Njoro na Molo, akaomba zabuni za kulisha shule za bweni. Bei aliipanga kwa simu na kaka yake aliyekuwa Nairobi. Lakini zabuni baada ya zabuni zikawa zinakwenda kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, kwa tofauti ya senti chache tu. Akaletwa fundi kutafuta maneno yanavujia wapi, akataka kutuuzia mtambo mpya wa simu. Tajiri aliposikia bei alishika kiuno. Kisha akanigeukia mbele ya makarani na wapagazi, kwa Kiswahili chake cha dukani.

"Wewe ndiyo napeleka maneno kwa jirani! Nani mwingine nashika waya? Kesho hapana kuja!"

Mji ulikuwa mdogo. Sifa ya wizi ingenitangulia kila ofisi, na nisingeshika simu tena maishani.

"Sijaiba neno lako hata moja," nilimwambia. "Nijaribu."

Akanijaribu. Kesho yake aliagiza nimuunganishe na Nairobi, halafu nitoke nje mpaka amalize. Nikaketi barazani nimefura kwa hasira. Mara nikamsikia. Siku zote nilikuwa chumba cha nyuma, vyombo masikioni, sikujua huku mbele kunasikika nini. Wapagazi walimsikia. Mwuza ndizi alimsikia. Dereva wa lori la jirani alikuwa ameegemea nguzo yetu, anakunywa chai kama mtu aliyealikwa. Tajiri aliamini Nairobi ni mbali, kwa hiyo sauti lazima isukumwe mpaka ifike, na kila shilingi aliyoitaja ilitoka dirishani. Dereva akamaliza chai yake, akavuka barabara.

Niliingia nikamtajia tajiri bei aliyoipanga.

"Umeona? Nasikiza simu yangu!"

"Nimeisikia huko nje ulikonituma, na dereva wa jirani pia. Sasa toka wewe, ukasimame pale kwenye nguzo."

Alitoka, sijui kwa nini. Nikashika simu yake bila kumpigia mtu, nikapiga kelele kama yeye: bei ya maharagwe, na mengine kumhusu ambayo nilikuwa nimeyaweka moyoni muda mrefu. Wapagazi walicheka mpaka wakaketi juu ya magunia. Tajiri hakucheka.

Gharama yote ilikuwa kipande cha waya. Simu tuliihamishia stoo, katikati ya magunia yanayomeza sauti, nami nikamfundisha kuisogeza karibu na mdomo na kuongea taratibu. Kaka yake alimsikia vizuri tu. Zabuni iliyofuata tukaipata sisi.

Siku hiyo tajiri alikuja chumbani kwangu, akafunga mlango.

"Pole, mama. Sahau hii maneno."

"Uliniita mwizi mbele ya watu. Nisafishe mbele yao."

Akadhani natania. Nikavua vyombo vya masikioni, nikaviweka mezani. Nairobi ikaita. Nikakunja mikono. Ikaita tena.

"Huyo kaka yangu!"

"Najua."

Alinitazama, akatazama simu. Kisha akafungua mlango, akaenda barazani na kuwaita wote, makarani, wapagazi, hata mwuza ndizi.

"Huyu mama si mwizi," alisema. "Mimi ndiyo nilikuwa nauza siri yangu."

Ndipo nikaiunganisha Nairobi.