Wiki Ambayo Mama Shuka Alirudi Kusengenya

Siku hizi wafu wote ni watu wema. Nenda msiba wowote, sikiliza wasifu unaosomwa kwa kipaza sauti: marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu. Nimezika majirani ambao wakiwa hai ukiwasalimu wanakupa mgongo, na bado nikasikia walikuwa wakarimu. Zamani mtu alikufa na tabia zake zote, na watu walimlilia hivyo hivyo. Ndiyo maana nataka kuandika habari za Mama Shuka, mwanamke wa kawaida kabisa, na wiki moja ambayo alitenda dhambi kwa faida ya watu.

Mama Shuka na mumewe, Mzee Kufuli, walipanga vyumba viwili mkabala na changu, ng'ambo ya bomba la maji. Kanisa lao ndilo lililowatuma. Wenzao wakistaafu wanafuga kuku. Hawa walijiandikisha umisionari uzeeni, kwa gharama zao wenyewe, waende mji wasioujua kuwasaidia watu kutafuta mababu zao. Katika kanisa hilo kila mwanamume mmisionari huitwa Mzee, hata vijana ambao ndevu bado zinawakwepa. Siku ya kwanza nilitambulishwa kwa watatu mfululizo, Mzee huyu, Mzee yule, na yule pale pia Mzee, nikadhani ninakejeliwa.

Mzee Kufuli alikuwa fundi wa kufuli na funguo maisha yake yote. Hakuwa msemaji. Alikuwa anakutazama usoni taratibu kama anayetafuta mahali pa kuingizia ufunguo. Mkewe alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali kubwa, na huko ndiko alikopata jina la Mama Shuka. Aliniambia kwamba shuka za hospitali zinasema kila kitu: nani katoroka usiku, nani kaletewa chakula na mke asiye wake, daktari gani kalala zamu mahali pasipo pake. Kile chumba kilikuwa kituo cha redio na yeye ndiye mtangazaji. Kisha akaokoka, akabatizwa, na siku hiyo hiyo akaapa kwamba hatamsema mtu tena, aliye hai wala aliyekufa. Tangu hapo alizungumzia hali ya hewa, afya na Maandiko. Mimi nilimwonea huruma. Ukimtajia jirani fulani, midomo yake ilitikisika kidogo kama sufuria inayokaribia kuchemka, halafu anauliza kama mvua itanyesha.

Ofisi yao ilikuwa chumba cha nyuma ya kanisa, chenye kompyuta tatu ambazo moja tu ilikubali kuwaka, feni, na viti vya plastiki. Nilikuwa nakwenda pale kwa sababu ya feni. Jumatatu ile dereva wa teksi alitaka kuthibitishiwa kwamba ana damu ya kifalme. Mwalimu mstaafu akauliza kama mashine inaweza kumtafuta mkewe, aliye hai, aliyeondoka mwezi uliopita. Mzee Kufuli akamjibu kwa upole kwamba wao wanashughulika na waliotangulia. Mwalimu akasema kweli ametangulia, tena na mabegi yote.

Ndipo akaingia Fundi Cherehani, mwanamke anayeshona nguo pale kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Mgongoni alibeba mtoto wa kike ambaye bado hakuwa na jina. Miezi inakwenda, mtoto anaitwa Kichanga tu. Mama yake Fundi alifariki akiwa bado anamnyonyesha, baba akaoa mara moja, na huyo mama wa kambo akapiga marufuku watu wa marehemu kutajwa nyumbani. Kwa hiyo Fundi alikua akiwajua watu wa baba mpaka wa mbali, na upande wa mama hamjui hata mmoja. Sasa alitaka mwanawe aitwe jina la mtu wa upande ule.

"Sitaki jina zuri," alimwambia Mama Shuka. "Nataka jina ambalo lilishawahi kuwa na mtu ndani yake."

Aliyebaki wa upande ule, kama Fundi alivyokuja kuambiwa ukubwani, alikuwa mmoja tu: dada wa bibi yake mzaa mama. Na huyo, kwa bahati yangu mbaya, ni shemeji yangu, mjane wa kaka yangu mkubwa, anaishi juu ya duka la dawa na ananisema kila siku iendayo kwa Mungu. Jumamosi mwanawe alikuwa anakuja kumchukua akaishi naye nchi ya mbali, kwa sababu ya macho na magoti. Kwa umri wake, hakuna aliyejidanganya kwamba atarudi. Ikipita Jumamosi, mtoto angepewa jina kutoka kwenye kalenda.

Jumanne tukapanda ngazi kwa Shemeji, sote wanne na Kichanga. Mzee Kufuli akatoa fomu yake, akauliza jina la mama yake, mwaka aliozaliwa, mahali. Shemeji akajibu haraka haraka kama mtu anayefukuza wauzaji mlangoni. Akataja jina, akataja la bibi yake, la mjomba, la babu. Mzee Kufuli akaandika kwa mwandiko wake wa kuchonga. Tuliporudi ofisini na kuyaingiza kwenye mashine, ilionekana kwamba mama yake Shemeji alikuwa amejizaa mwenyewe, na mjomba mmoja alikuwa ameoa kabla baba yake hajazaliwa.

Jumatano tukarudi, na Mzee Kufuli akauliza upya, pole pole. Safari hii akapata mababu wengine kabisa.

"Bibi yako alizaliwa mwaka gani, mama?"

"Sikuwepo."

"Alikuwa mtu wa namna gani, basi?"

Shemeji akafumbua mdomo, akamtazama Mama Shuka, akaufumba. Siku ile ya kwanza Mama Shuka alikuwa amemweleza, kwa nia njema, kwamba kanisani kwao hawamsengenyi mtu. Shemeji alikuwa ameyashika hayo.

Tukashuka ngazi. Chini Fundi Cherehani akasema labda bibi amezeeka, kichwa kimekwisha, basi tena. Mimi nikawaambia ukweli. Shemeji anakumbuka hata nilichokula kwenye harusi yake na kiasi nilichobeba mfukoni. Kichwani mwake watu hawakupangwa kwa miaka. Wamepangwa kwa ugomvi. Wanawake wa zamani waliketi, wakamenya, wakafua, wakasukana, na kazi ikienda waliwasema watu: fulani alinuniana na fulani kwa sababu ya fulani, ambaye alikuwa mtoto wa fulani. Ukoo mzima ulikaa humo. Ukimwondolea ugomvi, umemwondolea uzi, na shanga zote ziko sakafuni. Sisi wanaume tulisoma magazeti tukajiona wasomi, na wala hatujui bibi zetu waliitwa nani.

Mama Shuka alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama mvua itanyesha.

Alhamisi mumewe alibaki ofisini na yule dereva wa damu ya kifalme, ambaye alikuwa amekuja na malalamiko. Mama Shuka akaja kunigongea na kuniambia twende. Tulipofika, Fundi Cherehani akiwa ameshafika na mtoto, Mama Shuka hakutoa fomu. Alikuta shuka za Shemeji zimelundikwa kitandani kwa ajili ya safari. Akavuta moja, akampa Shemeji ncha mbili, akashika mbili, wakaanza kukunja.

"Mama," akasema, "nina mama mkwe wangu mmoja. Ameshatangulia. Sijawahi kumsema."

"Hata kidogo?" Shemeji akauliza.

"Hata kidogo. Na alistahili."

Shemeji akaivuta shuka ikanyooka. "Anza."

Akaanza. Kwanza kwa sauti ya chini, kama anayejaribu barafu ya friji kwa ulimi. Mama mkwe alikuwa anafungia sukari kwenye sanduku la mbao, ufunguo kauvaa shingoni, analala nao, anaoga nao. Wageni wakija anatikisa sanduku wasikie kwamba imekwisha, kumbe kinacholia ni kopo la vifungo alilolitia juu ya sukari. Na mwanawe mdogo, huyu huyu Mzee Kufuli mtumishi wa Mungu, alijifunza ufundi kwa kulifungua lile sanduku kwa waya wa mwavuli. Mama mtu alikuwa anabadilisha kufuli kila mara, na kila kufuli jipya lilikuwa darasa jipya. Kwa hiyo watu wanapomsifu kwamba ana mikono ya ajabu, yeye mkewe anajua ni mikono ya sukari.

Shemeji alicheka mpaka akakaa. Halafu akafuta macho na kusema, "Hiyo si kitu. Sisi tulikuwa na Kikohozi."

Ikawa imefunguka. Kikohozi alikuwa baba wa bibi yake. Hakuweza kusema uongo bila kukohoa kwanza, na mji mzima ulijua. Alipougua kifua cha mwisho alikohoa mfululizo, hivyo hakuna aliyejua wosia wake upi ni wa kweli, na watoto wakagombana hadi wakatawanyika. Mmoja wao aliitwa Kesho, aliyeazima baiskeli ya shemeji yake, akiulizwa anasema kesho, akafa nayo. Baiskeli ilikuwa ya mume wa dada yake, na dada yake ndiye Sitaki.

"Sitaki ndiye nani?" Fundi Cherehani akauliza. Alikuwa ameacha kumbembeleza mtoto.

"Bibi yangu mimi. Mama wa mama yangu." Posa ya kwanza ilipoletwa, Shemeji akasema, Sitaki alipanda darini na kutoa sauti huko juu: sitaki. Ya pili ikaletwa, akapanda tena. Baba yake akaiondoa ngazi, akapanda kwa dirisha. Halafu akamwona fundi viatu mmoja mwenye kengeza, akaenda kumposa mwenyewe. Fundi viatu akasema hataki. Sitaki akakaa kizingitini pake, wateja wanamruka, mpaka yule bwana akaona afadhali aoe kuliko kufunga duka. Sitaki akamzaa Pima Tena, ambaye hakuwahi kutoka dukani bila kumwambia muuzaji apime tena. Pima Tena alimzaa Shemeji na dada yake, na dada yake alimzaa mama wa Fundi Cherehani.

"Na mama yangu?" Fundi akasema. "Alikuwa na ubaya gani?"

Shemeji akalainisha shuka mapajani. "Mama yako alikuwa mvivu. Mvivu hasa. Angeweza kukaa juu ya nguo za kukunja akisema anazipiga pasi. Na anaimba, tena vibaya."

Fundi Cherehani aliinamisha kichwa. Nilidhani amekasirika. Alipokiinua uso wote ulikuwa umelowa, na alikuwa anacheka.

"Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kitu kuhusu mama," alisema. "Walisema tu alikuwa mwema."

Hapo ndipo tulipomwona Mzee Kufuli mlangoni. Hatukujua amesimama kwa muda gani. Mama Shuka akawa kama amemwagiwa maji. Mumewe alivua kofia, akaketi, akafungua kompyuta ndogo mapajani.

"Haikuwa sukari tu," akasema. "Kulikuwa na maziwa ya unga." Akaweka vidole tayari. "Kikohozi. Watoto wangapi?"

Wakaendelea mpaka giza. Ugomvi mmoja ulishika mwingine, na safari hii hakuna aliyejizaa mwenyewe.

Ijumaa Mama Shuka alikwenda kuungama kwa kiongozi wao, kijana ambaye siku za kazi ni mhasibu. Alimwambia amevunja kiapo, amewasema wafu, tena kwa raha. Kijana akamwuliza amewasema nani, ili aelewe uzito wa jambo. Akamweleza. Kijana alisikiliza kwa makini, akasema Mungu anaelewa, kisha akauliza kama ile baiskeli iliwahi kurudishwa.

Nilimwomba Mzee Kufuli anionyeshe mti wa ukoo ulivyotoka kwenye mashine. Kuna mahali pa kuandika kumbukumbu za mtu, na yeye, kwa adabu zake, alikuwa ameanza kuwaosha. Kesho aliandikwa kwamba alithamini vyombo vya usafiri. Kikohozi, mtu wa maneno machache. Sitaki alikuwa na msimamo. Nikamwambia hiyo ni hotuba ya msibani, awarudishie watu uchafu wao. Tulibishana. Mwishowe Mama Shuka alimsogeza mumewe pembeni, akakaa mwenyewe, akaandika, na sikuwa nimewahi kumwona mtu akichapa kwa kidole kimoja kwa kasi ile.

Jumamosi gari la mwanawe Shemeji lilisimama mbele ya duka la dawa, mabegi yamefungwa juu. Mimi na Shemeji hatukuagana vizuri. Nilimwuliza sasa mimi nikifa atanisema nani. Akasema kazi hiyo ameshamwachia Mama Shuka, na ni nyingi, itamchukua siku mbili. Nimejaribu tangu hapo kumdodosa Mama Shuka. Ananiuliza kama mvua itanyesha.

Fundi Cherehani alifika mbio, mtoto amevaa gauni alilomshonea usiku uliopita. Alimwinua mpaka dirishani mwa gari.

"Bibi, mpokee. Anaitwa Sitaki."

Mzee Kufuli alikohoa kidogo, akasema labda lingetafutwa jina rasmi la yule bibi, kwa ajili ya cheti. Shemeji hata hakumtazama. Alikuwa amemshika mtoto chini ya makwapa, anamsogeza karibu na macho yake mabovu, anamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua nazi.

"Masikio ni ya kwetu," alisema. "Yamesimama kama vishikio vya sufuria. Pole sana. Hayo hayalali, hata umfunge kitambaa."

"Sitafunga," Fundi Cherehani alisema.

Shemeji akataka kumbusu mtoto. Mtoto akamsukuma pua kwa mkono mzima, akageuka, akalia kumtaka mama yake.