Vitufe Vitatu

Nikisikia harufu ya karatasi inayotoka kwenye printa ikiwa ya moto, narudi steshenari moja ya Tegeta. Nilikuwa mdogo. Ukurasa wa matokeo ya mtihani wa dada ulikuwa umegoma kufunguka asubuhi nzima. Ulipofunguka, kabla hata hatujaona jina lake, nikagusa mausi, ukafungika.

Mama akanikamata sikio. “Umetumaliza, wewe.” Dada akaanza kulia.

Sista wa steshenari, aliyekaa kwenye kompyuta, hakugeuka. Alibonyeza kwa pamoja vitufe vitatu vilivyofutika herufi, ukurasa ukarudi palepale. Dada alikuwa amefaulu.

Mama akaliachia sikio polepole. “Hivyo vitufe vinarudisha na vitu vingine?”

“Ulichokifunga tu, mama.”

Mie nikabaki kuviangalia vidole vya yule sista. Vilikuwa vya kawaida kabisa, rangi ya kucha imebanduka.