Kidole Gumba cha Mpishi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya mtaa wa Himbi, mjini Goma, sikupewa kisu. Mkuu wa jiko, Mnande wa Butembo mwenye sauti ya katekista, alinipa kikapu tukaenda sokoni. "Mupishi anaanziaka ku soko," aliniambia. "Minya tomati. Ikilegea, acha. Muuzaji atanunguna, umuache anungune, kisha uombe matabishi." Matabishi ni ile nyongeza ya bure juu ya ulichonunua. Nilijifunza upesi, na baada ya muda wauzaji wakiniona walifunika bidhaa zao. Nilijivunia jambo hilo, sifichi.

Kutoka hotelini nilichukuliwa na Direkta, Mfaransa aliyesimamia mradi wa maji, nikawa mpishi wa nyumbani kwake. Likizo moja akanipeleka kwao nimpikie mama yake mzazi. Bibi huyo hakunitaka. Alimwambia mwanawe mbele yangu, "Mchana huu nitaonja saladi yake ya nyanya. Ikinishinda, utafute mpishi mwingine, hata huko Goma." Nilikuwa na watoto wanne shuleni.

Nikaenda kwenye soko lao la wazi, mbele ya kanisa. Ndugu zangu, nilisimama nikasahau kilichonileta. Jibini peke yake zilijaza meza ndefu kuliko jiko letu, nyingine zimepakwa majivu, nyingine zinanuka kama soksi za askari, na watu wanazinusa kwa heshima. Nyanya zilikuwa nyekundu, za njano, hata nyeusi. Hakuna aliyepiga kelele. Niliona watu wazima wakizungumza kwa raha, bila haraka, juu ya kitunguu kimoja, na moyo wangu ukajaa.

Nikanyoosha kidole gumba, nikaminya nyanya. Foleni nzima ikanigeukia.

"Bwana," akasema muuzaji, mama mwenye aproni ya buluu, "hizi hushikwa na mwenye meza. Utazila lini?"

"Leo mchana."

Akazigeuza moja moja kwa ncha za vidole, akanichagulia tano. Mtu wa Goma kumwachia muuzaji achague ni sawa na kumpa mwizi ufunguo. Nilirudi nikijua kazi yangu ilikuwa ndani ya mfuko ule na sikuwa nimeupima kwa mkono wangu.

Bibi alitafuna, akajiongezea. "Nani alizichagua?"

Ningeweza kudanganya. "Muuzaji, Madame."

"Mwenye kiburi angechagua mwenyewe," akasema. "Kesho tutakwenda wote."

Basi kazi ikabaki yangu. Niliporudi Goma, nyumbani mtaa wa Ndosho, nilimsimulia mke wangu maajabu yale yote. Yeye ameuza tomati kando ya barabara tangu tulipooana. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akiandaa chakula cha jioni, akiondoa kwa kisu sehemu zilizopondeka.

"Papa Kambale," akasema taratibu, "tomati tunakulaka hapa kwetu, njo zile bapishi ba Himbi banaminyaka, kisha banaacha."

Miaka yote hiyo watoto wangu walikula alama za vidole vya wenzangu, na mama yao hakuwahi kunilalamikia. Niliona aibu, na bado ninaiona.

Sasa nimestaafu. Wapishi wapya wakija kuniuliza siri ya soko, nawapeleka kwenye meza ya mke wangu, nawakalisha upande wake, wauze mpaka jioni.